Mikorosho ya Baba na Mahakama ya Mdogo Wangu

Siku ile katika ghala la ushirika la kijiji chetu, Milola, walikuwepo hawa: mtendaji wa kijiji, aliyekaa mbele kwa sababu kiti kilikuwa chake, imamu wa msikiti wetu na katekista, waliokaa benchi moja, mtani wangu muuza maandazi, aliyekuja na beseni lake, mzee mwenye ardhi inayopakana na yetu, wanafunzi kumi na wawili wa sheria kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wanne kati yao wamevaa majoho meusi, mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye mkuu wa kitivo chao, na mimi. Watu wengine wa kijiji walikuwepo pia, wamejaa hadi mlangoni, lakini hawakusema kitu cha kuandikwa. Mbuzi wawili waliingia wakatolewa.

Ninaanza hivi kwa sababu mdogo wangu ndiye aliyenifundisha. Anasema mwenendo wa shauri lolote huanza kwa kuandika waliokuwepo, ili baadaye mtu asije akasema hakuwepo, au akasema alikuwepo. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikifundishwa jambo nalishika.

Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, mama akitangulia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mdogo wangu huyu alikuwa na mitano, na katikati yetu wavulana wawili. Ndugu walikuja wakajadiliana namna ya kutugawa. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kisha nikapika uji wa watu wanne, na kesho yake nikapika tena. Baada ya wiki mbili wakaacha kujadiliana. Shule ilikoma yenyewe. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniita.

Kilichotulea ni mikorosho ishirini na miwili aliyoipanda baba. Mikorosho ilikuwa yetu. Ardhi iliyo chini yake haikuwa yetu, ilikuwa ya rafiki yake, yule mzee niliyemtaja. Kwetu si ajabu: mti ni wa aliyeupanda, ardhi ni ya mwenyewe, na watu wawili wanaweza kusimama mahali pamoja kila mmoja akiwa kwake. Mashamba mengi huku hayana karatasi. Yana watu waliosikia. Baba aliniambia, "Aliniruhusu," na hiyo ndiyo hati niliyoachiwa. Nakumbuka pia kwamba kila msimu debe la kwanza la korosho alilifunga nyuma ya baiskeli, akaondoka nalo asubuhi na kurudi na debe tupu. Nilijua anakwenda kuuza.

Mdogo wangu alisoma kwa mikorosho hiyo mpaka ikafika mahali masomo yenyewe yakaanza kumsomesha, kwa ufadhili. Akawa mhadhiri. Akaandika kitabu kizima cha shahada ya uzamivu kuhusu miti ya mtu kwenye ardhi ya mtu katika mkoa wa Lindi. Alitumia miaka minne kuandika jambo ambalo sisi tulikuwa tunalipalilia. Alipofanywa mkuu wa kitivo alinipigia simu kila Ijumaa kunieleza taabu zake: mhadhiri ambaye hajasahihisha mitihani tangu Ramadhani, wanafunzi waliogoma kwa ajili ya maji, maprofesa wawili wasiosalimiana wanaotaka ofisi moja. Nilimwambia afanye kama nilivyofanya na wao watatu nyumbani, asigawe chakula kabla wote hawajakaa. Akasema pale hapagawiwi chakula. Nikamwambia basi ndiyo maana.

Wazo la kuleta wanafunzi vijijini lilikuwa lake. Alisema wakili anayehitimu bila kumsikia mkulima akijieleza ni kama daktari aliyesomea vitabu tu. Baadhi ya wenzake hawakupenda. Waliona chuo kinajishusha. Alishikilia. Asubuhi wanafunzi wangetoa ushauri wa bure kwa wenye matatizo, na mchana wangefanya mahakama ya kuigiza, watu waone shauri linavyokwenda.

Shauri la kuigiza alilitunga yeye. Fulani alipanda mikorosho kwenye ardhi ya jirani yake kwa ruhusa ya mdomo. Wote wawili wakafa au wakazeeka. Mikorosho ni ya nani? Hakuweka jina la mtu. Lilipokwisha kusomwa pale ghalani, kijiji kizima kiligeuka kuniangalia mimi, halafu kikamwangalia yule mzee.

Mdaiwa ilibidi aigizwe na mwanakijiji, ili wanafunzi wazoee kuhoji watu wasio wanasheria. Wakanichagua mimi. Mzee naye akaombwa awe mdai. Alisema hana dai. Wakamwambia ni la kuigiza, akakubali, akakaa upande aliooneshwa.

Jaji alikuwa binti wa mwaka wa tatu mwenye miwani, ambaye saa mbili kabla ya hapo aliniuliza choo kiko wapi. Alipoingia tukaamriwa kusimama. Mdogo wangu, mkuu wao, naye akasimama. Alikuwa amewaambia tangu mwanzo kwamba mahakama ikishakaa hata yeye hana sauti, na mtu yeyote asimnong'oneze jaji. Jambo hilo lilikisisimua kijiji. Mtani wangu akanyanyua mkono na kusema bila kusubiri:

"Jaji, huyo mdaiwa msimwamini. Ni mtani wangu, namjua. Hata uji wake una mchanga."

"Mama, mahakamani hatuzungumzi bila ruhusa."

"Basi niruhusu."

"Sijakuruhusu."

"Haya. Lakini mchanga upo."

Wakili wa mzee, kijana mrefu anayetoka jasho ndani ya joho, akanisogelea.

"Una hati yoyote ya hiyo mikorosho?"

"Sina."

"Una shahidi wa makubaliano hayo?"

"Baba yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya msikiti."

Kijana akamgeukia jaji, akaomba shahidi huyo aitwe. Mtani wangu akasema yupo tayari kwenda kumwita, ila wasimsubiri.

Tulihojiwa karibu saa nzima. Jaji akatoka, akarudi, akasoma hukumu aliyoiandika kwa mkono. Alisema sheria inautazama mti uliosimama kama sehemu ya ardhi, ruhusa ya mdomo haikuthibitishwa, kwa hiyo mikorosho ni ya mwenye ardhi. Alisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Kisha akaniuliza kama nimeielewa hukumu na kama naikubali.

Wakili wangu, naye mwanafunzi, alikuwa ameniambia mapema, "Shangazi, ukiulizwa sema umekubali, tuwahi gari." Nikasema, "Nimekubali."

Nilimwona mdogo wangu akiinuka nusu, halafu akakaa. Alikuwa amefungwa na sheria yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Wanafunzi wakavua majoho, wakala maandazi, wakaondoka kuelekea Lindi mjini kabla ya alasiri. Mdogo wangu aliniambia dirishani mwa gari, "Ni igizo tu, Dada." Nikamwambia najua.

Ila nakala ya hukumu ilibaki mezani kwa mtendaji. Mtendaji wetu ni mtu wa utaratibu; karatasi ikifika mezani kwake huipiga mhuri wa "imepokelewa". Akaipiga. Kisha akaibandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la mgao wa salfa na tangazo la mbwa wa kuchanjwa.

Siku ya tatu yule mzee alikuja kwangu asubuhi, akapiga hodi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhusu ile mikorosho yangu." Akaongeza haraka. "Nasema yangu kwa sababu ya ile karatasi. Mimi sikuitaka. Lakini mwanangu wa Kitomanga amesikia, amenipigia simu mara nne."

"Anasemaje?"

"Anasema wewe mwenyewe ulikubali mbele ya imamu na katekista."

"Nilikubali."

"Ndiyo. Nilikusikia."

Ulikuwa ule wakati mikorosho inaanza kutoa maua, na maua yasipopulizwa salfa huliwa na ubwiri, ule unga mweupe, na msimu unaishia hapo. Mfuko wa salfa ulikuwa umeegemea ukuta nyuma yangu. Wote wawili tuliuangalia.

"Puliza," akasema.

"Siwezi kupuliza mikorosho ya mtu. Chukua dawa, puliza wewe."

"Nikipuliza mimi, kijiji kitasema nimewanyang'anya yatima."

Nilikuwa na miaka hamsini wakati huo. Nilimwambia nina wajukuu wawili. Akasema yatima ni yatima.

Akaondoka. Wala yeye hakupuliza, wala mimi. Kila asubuhi nilipita kando ya shamba, nikayaangalia maua kama mtu anayeangalia chungu cha mwenzake kinachochemka. Ile ndiyo mikorosho iliyokuwa imetufanya watu wanne tule nyumba moja. Nilikuwa naipoteza kwa neno langu mwenyewe, na neno lenyewe nililisema ili vijana wawahi gari.

Ijumaa mdogo wangu akapiga simu, nikamweleza.

"Dada, karatasi ile haina nguvu yoyote. Hata mhuri wa kijiji hauwezi kuipa. Nenda kapulize dawa leo."

"Nilisema nimekubali."

"Ulikuwa unaigiza."

"Nani alijua? Wewe mwenyewe ulisimama jaji alipoingia. Nikienda kupuliza, nimesema mahakama yako ilikuwa mchezo wa watoto, na neno langu mbele ya watu pia ni mchezo. Mimi sina karatasi hata moja. Neno likiharibika sina kitu kingine."

Niliwasikia watu wakibishana upande wake, nikajua yupo nje ya kikao.

"Nimekosea," akasema. "Sikupaswa kulitumia jambo la nyumbani kufundishia bila kuwauliza wewe na Mzee."

"Hukuuliza."

"Nitawaambia wenzangu."

Aliwaambia. Nilisimuliwa baadaye na yule binti jaji. Mdogo wangu alisimama mbele ya kikao cha walimu wote, pamoja na wale wasiopenda safari za vijijini, akaeleza alichofanya na kilichotokea, akasema uamuzi kuhusu yeye kuendelea kuongoza anauacha kwao. Mmoja alisema hilo ndilo alilolionya. Mwingine alitaka kujua mtendaji alipata wapi mhuri. Walibishana mpaka chai ikapoa. Kilichowatoa ni swali la binti jaji, aliyeitwa kujieleza. Alisema tangu arudi halali, kwa sababu alisahau jambo moja lililokuwa kwenye karatasi yake: alipaswa kuniambia kwamba nina haki ya kukata rufaa. Akauliza kama bado naweza kuambiwa.

Nikaambiwa kwa simu Jumatatu. Nikaenda kwa mtendaji, nikamwambia nakata rufaa. Akaniuliza wapi. Nikamwambia kulekule ilikotoka hukumu. Akaandika, akapiga mhuri, akaibandika. Mzee alipoiona alishusha pumzi, akasema sasa hata mwanawe wa Kitomanga itabidi asubiri, maana shauri lipo mahakamani. Halafu akanisogelea, akasema kwa kuwa jambo bado halijaamuliwa, dawa inaweza kupulizwa na mtu yeyote bila kuvunja heshima ya mtu. Nilipuliza kesho yake. Maua ya upande wa bondeni yalikuwa yameshakwenda.

Tulisafiri pamoja kwenda Dar es Salaam, mdai na mdaiwa, kwa nauli ya kitivo. Mzee alibeba mihogo ya kuchemsha, tukala wote. Alisema shauri halizuii kula.

Nilikuwa sijawahi kufika chuoni kwa mdogo wangu. Mlango wa ofisi yake una kibao chenye jina na cheo, na chini yake mtu amebandika karatasi kwamba kiyoyozi kimeharibika. Nje ya mlango kulikuwa na foleni ya wanafunzi: mmoja amefeli, mmoja amefiwa, mmoja anataka sahihi tu lakini amesubiri tangu asubuhi. Kwenye maktaba nilimwona kijana amelala juu ya kitabu kikubwa, na mwenzake anasoma ukurasa wa upande usiolaliwa. Mzee aliangalia kila kitu kwa makini.

"Hawa wote wanasomea ugomvi?"

"Wanasomea kuumaliza, Mzee."

"Basi mbona wengi hivi."

Rufaa ilikaa kwenye chumba chao chenye viti vya kupanda juu. Majaji walikuwa watatu, wahadhiri wawili na hakimu mstaafu. Mdogo wangu hakuingia. Alisema ana masilahi, hawezi kuwemo hata kama msikilizaji, akakaa kwenye benchi la ukumbini nje pamoja na mlinzi. Nilipita mbele yake nikiingia. Mkuu wa kitivo kizima, ameweka mikono mapajani kama siku ile nilipompeleka darasa la kwanza.

Safari hii mwanafunzi aliyenitetea alikuwa yule binti jaji. Aliomba mwenyewe. Wenzake walihoji mambo ya sheria kwa muda mrefu, na hakimu mstaafu alisinzia kidogo. Kisha binti akamgeukia Mzee.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Wakati baba yao yupo hai, alikuwa anakupa chochote kwa ajili ya ile ardhi?"

"Ndiyo."

"Nini?"

"Debe moja la korosho. La kwanza la msimu. Alikuwa analeta kwa baiskeli."

Hakimu mstaafu akafumbua macho.

"Na baada ya yeye kufariki?"

"Hapana."

"Uliwahi kudai?"

"Walikuwa watoto," akasema Mzee. "Na yule mkubwa alikuwa hana hata viatu."

Nilikuwa nimekaa, nikabaki nimekaa. Niliiona baiskeli. Niliona debe likiondoka limejaa na kurudi tupu. Miaka yote hiyo nilijua kwamba baba alikuwa anauza.

Majaji walitoka, wakarudi. Walisema ruhusa imethibitishwa na mwenye ardhi mwenyewe, kwani mtu hapokei debe kwa miti iliyo yake. Mikorosho ni yetu, kwa sharti la debe moja kila msimu. Na kwa madebe ya nyuma, mahakama haina la kusema kwa sababu hakuna aliyeyadai. Wakaniuliza kama naikubali hukumu. Niliomba kwanza niambiwe kama kuna rufaa. Wakaniambia ipo. Nikasema, basi nimekubali, ila madebe ya nyuma nayadai mimi dhidi yangu. Jaji wa kati alisema hilo halimo kwenye sababu za rufaa. Nikamwambia liandikwe hata hivyo, kwa vile watu wamesikia. Karani alimwangalia jaji, jaji akaangalia dari, karani akaandika.

Nje mdogo wangu alisimama.

"Imekuwaje?"

"Tumeshinda."

"Mbona uso wako hivyo?"

"Tunadaiwa. Sote wanne."

Nilipomweleza, alimgeukia Mzee. "Mzee, nilikuhoji siku mbili nzima kwa ajili ya kitabu changu. Hukuniambia."

"Uliniuliza sheria ya miti," akasema Mzee. "Nikakujibu. Hukuniuliza baba yako alikuwa analeta nini."

Mdogo wangu akarudi kukaa kwenye benchi. Mlinzi akamsogezea chupa yake ya maji.

Wenzake walimwacha aendelee kuongoza, kwa kura ambazo hakuniambia idadi yake. Safari za vijijini zipo bado, lakini sasa mfano wowote wa kufundishia lazima wenyewe waulizwe kwanza, na jaji hawezi kusoma hukumu bila kutaja rufaa. Kile kitabu chake ameanza kukiandika upya. Ameniuliza maswali mengi kuhusu baiskeli.

Hukumu ya pili ilipigwa mhuri na kubandikwa juu ya ya kwanza. Mtani wangu aliisoma yote, akatangaza kwamba suala la mchanga kwenye uji majaji hawakuligusa, kwa hiyo bado lipo wazi.

Misimu ambayo debe halikwenda ni thelathini na mitano. Mdogo wangu alitaka kulipa kwa fedha siku hiyohiyo, kwa simu. Mzee alikataa. Alisema makubaliano yalikuwa korosho za mikorosho ile, na baba hakuwahi kumletea simu. Kwa hiyo tunalipa kadiri mikorosho inavyozaa. Mwaka ule wa ubwiri tulipeleka debe la msimu na mawili ya nyuma. Mwaka uliofuata la msimu na matatu. Mwaka jana vilevile. Mdogo wangu huomba likizo kila msimu, huja kuokota, akainama chini ya mikorosho na simu ikimwita mfukoni kuhusu mitihani. Ndugu zetu wawili wa katikati hutuma vijana wa kusaidia, na hulalamika kwamba wao walikuwa wadogo. Nawaambia hata mimi nilikuwa mdogo.

Napeleka mwenyewe, kwa baiskeli. Mzee hupokea mlangoni, huingiza mkono ndani ya debe akageuza korosho kidogo, kisha hunirudishia debe tupu. Sasa haoni vizuri. Msimu uliopita aliniuliza yamebaki mangapi, nikamwambia. Akasema tusiharakishe.

Yamebaki ishirini na saba.